Pikipiki cc 125 haiwaki tangu nimeiosha: stata inazunguka, taa zinawaka, plagi haitoi moto. Nimebadili koili na CDI, bado

#1 Kijana wa Kihonda (Jumamosi usiku)

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada, nimechoka na hela imeisha.

Nina pikipiki ya Kichina cc 125, ya mkataba, imebaki miezi minne iwe yangu. Jumatano nilishinda kwenye tope la Mazimbu, jioni nikaipeleka kuosha. Kijana akaipiga na mashine ya presha mpaka chini ya tangi na siti. Pale pale iliwaka, nikarudi nayo nyumbani. Alhamisi saa 11 alfajiri nabonyeza stata, injini inazunguka vizuri lakini haishiki. Nikapiga kiki mpaka goti likauma. Kimya.

Taa zote zinawaka, honi inalia, indiketa ziko sawa. Nimetoa plagi, nikaichomeka kwenye kofia yake, nikailaza juu ya silinda hedi na kupiga kiki gizani. Haitoi moto hata chembe.

Fundi wa kwanza alisema plagi, nikanunua. Bado. Akasema koili ya plagi, nikanunua. Bado. Fundi wa pili akasema CDI, kile kiboksi kinachoamuru moto wa plagi, ikafungwa mpya. Bado. Leo anasema magineti (sumaku na koili zinazozalisha umeme kwenye injini) imekufa, niandae elfu arobaini na tano. Siku tatu sijapeleka hesabu kwa bosi, hiyo ni elfu thelathini tayari. Kabla sijauza simu ninunue magineti nauliza: kuna namna ya kujua kwa hakika kilichokufa ni kipi?

#2 Mchana Jua

Nimeweka kigoda hapa. Yangu ilifanya hivi hivi mwezi wa nne. Ngoja waje mafundi.

#3 Msukuma wa Igoma

Pole ndugu. Mafuta yapo? Koki umefungua? Usinune, nauliza kwa sababu mwaka juzi nilisukuma pikipiki kutoka Buhongwa mpaka Mkuyuni kumbe koki imefungwa.

#4 Kijana wa Kihonda

Mafuta yapo mkuu, koki iko wazi. Hata ingekuwa imefungwa, plagi ingetoa moto. Haitoi.

#5 Msukuma wa Igoma

Hapo umenishinda. Nimekaa.

#6 Fundi Waya (Jumamosi usiku)

Mdogo wangu wa Kihonda, kwanza acha kununua. Usinunue kitu kingine hata cha buku mbili mpaka umepima. Plagi, koili na CDI vyote vimebadilishwa kwa kubahatisha, na mtu anayebahatisha kwa hela yako hana haraka ya kupata jibu.

Nikueleze moto unatoka wapi. Nyingi ya hizo cc 125 za Kichina CDI yake hailishwi na betri. Ndani ya magineti kuna koili moja yenye waya mwembamba sana, imezungushwa mizunguko mingi, kazi yake ni kuilisha CDI tu. Waya wake kwa kawaida ni mweusi wenye mstari mwekundu. Pembeni ya gurudumu la sumaku kuna kidude kidogo, pulsa, ndicho kinachoiambia CDI "sasa piga". Huo waya ni wa bluu wenye mstari mweupe. CDI inapeleka umeme kwenye koili ya juu, ile ya plagi, kwa waya mweusi wenye mstari wa njano. Kijani ni ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye fremu. Wa mwisho ni mweusi wenye mstari mweupe, huo ni wa kuzimia. Ukigusa ethi tu, CDI inanyamaza.

Kwa hiyo taa kuwaka na honi kulia havithibitishi kitu kwenye upande wa moto wa plagi. Hizo ni njia mbili tofauti.

Fanya hivi kesho. Fuata waya mweusi wenye mstari mweupe pale kwenye soketi ya CDI, uchomoe huo peke yake, uufunge tepu usiguse kitu. Kisha piga kiki uangalie plagi. Ukitoka moto, tatizo lako liko kwenye swichi ya ufunguo au ile swichi nyekundu ya mkono wa kulia, maji ya presha yameingia humo. Hutanunua magineti wala nini.

Tahadhari: plagi unayopima iguse chuma cha injini kabisa, usiiache inaning'inia, utaua CDI au utapigwa shoti ya kukaa chini. Na iwe mbali na tundu la silinda, mvuke wa petroli unatoka pale.

#7 Mama Pikipiki Tatu

Fundi Waya ubarikiwe. Mimi si fundi, ni mmiliki, nina vijana watatu wa mkataba hapa Dodoma. Kila wiki napigiwa simu "mama, CDI imekufa". Leo ndio nimeelewa CDI inafanya nini.

#8 Mwana wa Mkokotoni

Assalam alaykum. Huku kwetu Unguja hewa ya bahari inakula kila kitu, tatizo namba moja ni ethi. Tafuta mahali waya wa kijani unapofungwa kwenye fremu kwa bolti. Fungua hiyo bolti, angalia chini yake. Ukiona kutu ya kijanikijani kama ukungu wa mkate, basi umeshampata mwizi. Piga msasa mpaka chuma king'ae, paka grisi kidogo juu yake baada ya kukaza, si kabla. Mimi yangu nilinunua vitu vya elfu themanini, jawabu lilikuwa bolti hiyo moja.

#9 Mzee wa Platini

Vijana, salamu. Nimesoma post namba 6, imekaa vizuri, naongeza historia kidogo kwa faida ya wanaojifunza. Nyingi ya hizi injini za Kichina zinazosukuma vali kwa fito asili yake ni Honda CG125 iliyotoka 1976. Za mwanzo zilikuwa na umeme wa volti 6, na badala ya CDI zilikuwa na platini (vyuma viwili vinavyogusana na kuachana ili kukata umeme) na kondensa. Asubuhi ya mvua ikigoma kuwaka unafungua mfuniko, unapitisha kipande cha msasa laini katikati ya platini, unafuta kwa karatasi kavu, inawaka. Uliiona kwa macho cheche inaporuka, ulijua kosa liko wapi. CDI ni kiboksi kilichojazwa gundi ngumu, hukioni ndani, ndiyo maana kila fundi anakisingizia.

#10 Mchana Jua

Shikamoo mzee. Hilo la gundi ni kweli, niliwahi kupasua moja kwa nyundo nione kilichomo, niliambulia makombo.

#11 Mzee wa Platini

Marahaba. Usipasue tena, peleka kwenye pikipiki nyingine ya aina hiyo hiyo, ikiwaka ni nzima. Hicho ndicho kipimo cha CDI kwa mtu wa kijiweni.

#12 Kijana wa Kihonda (Jumapili mchana)

Mrejesho. Nimechomoa mweusi wenye mstari mweupe, nikafunga tepu. Plagi bado haitoi moto. Bolti ya ethi nimeifungua, ilikuwa na kutu lakini si ya kutisha, nimepiga msasa. Bado.

Jirani ana mita ya umeme, zile ndogo za njano. Nimepima ohm (ukinzani wa umeme) kati ya waya na fremu kama nilivyoona wengine wakifanya. Pulsa inasoma 148. Ile koili ya kulisha CDI inaandika 1 tu, upande wa kushoto wa kioo. Kwa hiyo fundi wangu alikuwa sahihi? Magineti imekatika?

#13 Dereva wa Nyegezi

Hapo hakuna mjadala. 1 maana yake imekatika. Nunua magineti.

#14 Nduthi ya Nakuru

Sema Morogoro. Na mimi naona hiyo stata koili, yaani koili ya ndani ya magineti, imeenda. Yangu ilisoma hivyo hivyo, nikabadilisha, nduthi ikawaka siku hiyo hiyo.

#15 Fundi Waya

Simama kwanza, namba 12 usinunue kitu! Mita uliiweka kwenye skeli gani?

#16 Kijana wa Kihonda

200.

#17 Fundi Waya

Nilijua. Kwenye hizo mita za njano, 1 ya kushoto maana yake "kilichopo ni kikubwa kuliko skeli uliyoweka". Waya uliokatika utaandika 1, sawa, lakini koili nzima ya ohm 300 au 400 nayo itaandika 1 kwenye skeli ya 200. Pulsa yako ni 148, ndiyo maana ilisomeka. Zungusha swichi ya mita kwenye 2000 upime tena.

Dereva wa Nyegezi na ndugu yetu wa Nakuru, sisemi mmekosea, ila hamkuuliza skeli.

#18 Dereva wa Nyegezi

Nimekubali. Sikufikiria skeli.

#19 Kijana wa Kihonda

Fundi, sijui niseme nini. Kwenye 2000 inasoma 386. Elfu arobaini na tano ilikuwa inaondoka hivi hivi.

#20 Nduthi ya Nakuru

Basi huenda hata ile yangu niliyotupa ilikuwa nzima. Na ikawaka kwa sababu nilikuwa nimechomoa soketi zote nikazirudisha! Haki, nimeumia leo.

#21 Fundi wa Veta

Wakuu, ohm peke yake haitoshi. Koili inaweza kuonyesha ohm nzuri lakini sumaku imelegea au imepasuka. Kijana, weka mita kwenye volti za AC, skeli kubwa, mkono mmoja kwenye mweusi wenye mstari mwekundu, mwingine kwenye fremu, soketi ya CDI ikiwa imechomolewa, halafu mtu apige kiki kwa nguvu. Zikitoka volti makumi kadhaa au zaidi, koili inafanya kazi. Pulsa itatoa kidogo sana, chini ya volti moja mara nyingi, usishtuke.

#22 Babu Spii

Na mimi nichangie. Angalia spii ya nusu mwezi inayoshika gurudumu la sumaku kwenye krenki. Ikikatika, sumaku inateleza, pikipiki haiwaki ng'o. Nimeona nyingi.

#23 Fundi wa Veta

Babu, kwa heshima zote, spii ikikatika sumaku bado inazunguka na plagi bado inatoa moto, ila kwa wakati mbaya. Utasikia inapiga fataki kwenye kabureta au eksozi. Huyu kijana hana moto kabisa. Kwa hiyo spii siyo.

#24 Babu Spii

Hapo umenielewesha kijana. Ila akifungua aiangalie tu, kuangalia ni bure.

#25 Kijana wa Kihonda (Jumapili jioni)

Nimepima kwa kiki, mdogo wangu ndiye aliyepiga. Namba zinarukaruka, kubwa niliyoiona ni 71, nyingine 58, nyingine 64. Volti za AC.

#26 Fundi wa Veta

Magineti nzima. Msamehe fundi wako lakini usimrudie.

#27 Mwana wa Kirinyaga

Mimi nauza spea, nimeziuza miaka mingi, naomba niulize swali ambalo hakuna aliyeuliza. Hiyo CDI mpya ni ya AC au ya DC?

Kuna CDI zinazolishwa na magineti, hizo ni za AC, na kuna zinazolishwa na betri, hizo ni za DC. Kwa nje zinaweza kufanana kama mapacha, soketi ile ile ya miguu sita au zikatofautiana kidogo tu. Ukiweka ya DC kwenye pikipiki ya AC haitoi moto hata uipige kiki wiki nzima. Mteja anakuja dukani na kusema "nipe CDI ya mia na ishirini na tano", anapewa yoyote iliyo karibu na mkono. Angalia kama imeandikwa AC au DC pembeni. Na ya zamani iko wapi?

#28 Kijana wa Kihonda

Imeandikwa namba ndefu tu na herufi za Kichina. Ya zamani alibaki nayo fundi. Kesho asubuhi naifuata.

#29 Mama Pikipiki Tatu

Mwanangu, kitu kilichotolewa kwenye pikipiki yako usikiache kwa fundi, hata kikiwa kibovu. Mimi vijana wangu wanajua, spea ya zamani inarudi kwangu kwenye mfuko ndipo natoa hela ya mpya. Nina ndoo nzima ya CDI chini ya kitanda, na tatu kati ya hizo zilikuja kugundulika ni nzima.

#30 Umeme Safi

Ndiyo maana nasema tuhamie pikipiki za umeme. Kigali na Nairobi madereva wanabadilisha betri kituoni dakika chache, hakuna plagi, hakuna CDI, hakuna kabureta.

#31 Msukuma wa Igoma

Nazo zikigoma kuwaka utakuja kufungua uzi hapa hapa, na Fundi Waya atakuambia chomoa mweusi wenye mstari mweupe.

#32 Umeme Safi

Hahaha. Haya, turudi kwa kijana.

#33 Dereva wa Nyegezi

Nina swali jingine. Kijana, umesema ni ya mkataba. Bosi wako aliweka GPS?

#34 Kijana wa Kihonda

Ndiyo, iko chini ya siti. Kwa nini?

#35 Dereva wa Nyegezi

Kwa sababu hapa Mwanza GPS nyingi za mkataba zina rilei ya kuzimia, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Usipopeleka hesabu bosi anabonyeza simu, pikipiki haiwaki. Umesema siku tatu hujapeleka.

#36 Kijana wa Kihonda

Mkuu, ilianza kugoma Alhamisi asubuhi, na Jumatano hesabu nilipeleka. Nimempigia bosi sasa hivi, anaapa hajazima. Na namwamini, ni mtu mzuri, ndiye aliyenikopesha hela ya leseni.

#37 Mama Pikipiki Tatu

Na mimi nimeweka GPS kwenye zangu zote, kwa sababu moja iliibwa. Lakini sijawahi kuzima kwa ajili ya hesabu, mtu anaweza kuwa katikati ya barabara na lori nyuma yake. Wenzangu wamiliki mkisoma hapa, nawaombeni.

#38 Fundi Waya

Hoja ya Nyegezi ni nzito, niliikosa. Bosi si lazima abonyeze. Rilei yenyewe ikiingiwa na maji inaweza kukwama. Presha ilipigwa chini ya tangi na siti, kumbuka.

Lakini nina shaka moja. Waliofunga GPS nyingi wanakata waya mweusi wa volti 12 unaotoka kwenye swichi ya ufunguo. Kwenye CDI ya AC kukata huo waya hakuzimi injini, kunazima taa na honi tu. Zake zinawaka. Kwa hiyo ili GPS izime moto wa plagi, lazima walikata waya unaolisha CDI, au waliunganisha rilei kwenye mweusi wenye mstari mweupe. Na huo wa mwisho ameshauchomoa.

#39 Fundi wa Veta

Inategemea aliuchomoa wapi. Kama rilei imeunganishwa kati ya alipochomoa na CDI, kuchomoa kule hakusaidii kitu. Nimekuta wamefunga sentimita mbili tu kutoka kwenye soketi ya CDI, ndani ya tepu nyeusi.

#40 Fundi Waya

Kweli. Hapo sina pingamizi. Kijana, menya tepu yote kuanzia soketi ya CDI kurudi nyuma, kiasi cha shibiri mbili. Tafuta waya wowote ambao rangi yake haimo kwenye orodha yangu ya namba 6.

#41 Mwana wa Kirinyaga

Nami nasisitiza CDI. Msiniache nyuma.

#42 Kijana wa Kihonda (Jumatatu saa 7 mchana)

WAKUU IMEWAKA!

Niliyofanya kwa utaratibu: nimechukua CDI ya zamani kwa fundi (alikuwa ameshaiweka kwenye rafu ya kuuza, nimeikuta na bei). Nimemenya tepu. Kweli kulikuwa na waya wa zambarau umechomelewa kwenye mweusi wenye mstari mwekundu, unaenda kwenye rilei ya GPS chini ya siti. Ile rilei nilipoivuta ilidondosha maji. Nimeitoa, nimeunganisha waya moja kwa moja. Soketi ya CDI nimeifungua, miguu miwili ilikuwa imepauka na unga mweupe, nimeisugua kwa sindano na kuipuliza. Nimefunga CDI ya zamani. Kofia ya plagi nimeifungua, nimekata sentimita moja ya waya uliooza nikaikaza tena.

Kiki ya kwanza kimya, ya pili ikakohoa, ya tatu ikashika. Mdogo wangu alipiga kelele mpaka jirani akatoka. Asanteni sana, nikiwa na afya nitawalipa kwa dua.

#43 Dereva wa Nyegezi

GPS! Niliwaambia.

#44 Mwana wa Kirinyaga

Samahani, ni CDI. Ile mpya ilikuwa DC.

#45 Mwana wa Mkokotoni

Soketi yenye unga mweupe hamjaiona? Ni ndugu wa ethi hiyo. Mgusano mbaya tu.

#46 Nduthi ya Nakuru

Waya wa plagi uliooza je? Sentimita moja ya waya mbovu inaua moto wote.

#47 Fundi wa Veta

Kijana alifanya mambo manne kwa mpigo, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai. Kama una moyo, rudisha ile CDI mpya uone kama itawaka. Ikiwaka, Kirinyaga ametoka.

#48 Kijana wa Kihonda

Fundi nakuheshimu lakini leo siigusi. Naingia barabarani nitafute hesabu.

#49 Mama Pikipiki Tatu

Nenda mwanangu, Mungu akutangulie. Bosi mwambie kuhusu rilei, asije akafikiri umeing'oa ili utoroke. Mpigie picha ikiwa inadondosha maji.

#50 Kijana wa Kihonda (Jumatatu saa 3 usiku)

Wakuu nimerudi na habari mbaya. Imefanya kazi dakika kama arobaini, nimepeleka abiria wawili. Wa tatu nikampakia Msamvu kwenda Bigwa. Kabla hatujafika ikazima ghafla kama mtu kazungusha ufunguo. Abiria kashuka kapanda nyingine, simlaumu. Nikapiga kiki, hakuna moto. Nikakaa chini ya mwembe robo saa, ikapoa, nikapiga kiki moja ikawaka. Nimefika nyumbani, ikazima tena getini.

Ikiwa ya moto hivyo hivyo nimepima haraka. Pulsa 179. Koili ya kulisha 461. Jana zilikuwa 148 na 386.

#51 Babu Spii

Hapo pulsa. Imepanda kutoka 148 hadi 179, inakufa ikipata joto. Badilisha pulsa.

#52 Nduthi ya Nakuru

Naungana na Babu. Ikipata joto inagoma, ikipoa inawaka, hiyo ni koili ya ndani.

#53 Fundi wa Veta

Dalili ni ya koili kweli, lakini namba hizo haziithibitishi. Shaba ikipata joto ohm zake hupanda kwa kawaida, kiasi cha asilimia 4 kila nyuzi joto 10. Kutoka 148 hadi 179 ni asilimia 21, sawa na joto lililoongezeka nyuzi 50 hivi. Injini iliyotoka barabarani Morogoro mchana inafika hapo bila shida. Na ile nyingine nayo imepanda karibu kiasi hicho hicho. Ingekuwa moja imekatika kwa joto ingeandika 1 kwenye skeli ya 2000.

#54 Mwana wa Kirinyaga

CDI ya zamani. Vitu vya ndani vikipata joto vinagoma. Ndiyo maana mwanzo ilizima. Sasa mpya ni DC, ya zamani ni mgonjwa. Tafuta ya AC ya kuazima kwa dereva mwenzako kabla hujanunua.

#55 Mzee wa Platini

Mwanangu, nikuulize. Ilipozima mara zote mbili, usukani ulikuwa umekaa vipi?

#56 Kijana wa Kihonda

Shikamoo mzee. Bigwa nilikuwa nakata kona ya kushoto. Getini pia nilikuwa nakata kushoto kuingia.

#57 Mzee wa Platini

Marahaba. Basi usiwahi kwenye koili. Waya zote za swichi zinapita kwenye shingo ya pikipiki na zinajikunja kila unapokata kona, miaka na miaka. Ganda la nje linabaki zima, shaba ndani inachanika nyuzi moja moja. Ziminye kwa vidole taratibu, moja moja. Utakapofika palipokatika, waya unakuwa laini kama uzi mtupu, haurudi. Nimezipata hivyo nyingi kuliko kwa mita.

#58 Fundi Waya

Mzee, hilo ni somo. Lakini kwenye AC waya uliokatika shingoni hauzimi moto, mpaka uguse ethi. Ganda lingekuwa limechubuka na shaba inagusa fremu. Na waya wa kuzimia aliuchomoa... Kijana, uliurudisha?

#59 Kijana wa Kihonda

Ndiyo, nilipoona imewaka niliurudisha ili niweze kuizima kwa ufunguo.

#60 Fundi Waya

Ahaa. Sasa uchomoe tena, uzungushe mjini nao ukiwa umechomolewa. Kuzima utazima kwa kuingiza gia na kushika breki, taratibu. Ikizima yenyewe hata hivyo, shingo haihusiki, tunarudi kwa Kirinyaga au Babu Spii.

#61 Kijana wa Kihonda (Jumanne saa 4 asubuhi)

Nimeuchomoa. Nimezunguka Kihonda, Msamvu, Kingolwira na kurudi, saa nzima na robo. Haijazima. Nimetoa hesabu ya leo asubuhi hii.

Nimemenya shingoni. Waya mweusi wenye mstari mweupe umechubuka kidogo, hata punje ya mchele haifiki, mahali unapopita karibu na bolti ya kioo cha taa. Nimeufunga tepu. Lakini kabla ya kuufunga, nilipousukuma kwa kidole kwenye fremu huku injini inawaka, nao nikiwa nimeurudisha, mara ya kwanza ilizima, mara ya pili na ya tatu haikuzima.

#62 Mwana wa Kirinyaga

Umeona? Haikuzima mara mbili. Bado CDI.

#63 Mwana wa Mkokotoni

Haikuzima kwa sababu fremu ina rangi pale. Kwangua rangi uguse tena.

#64 Babu Spii

Asubuhi kuna baridi. Tungoje saa 8 mchana jua likiwa kali.

#65 Kijana wa Kihonda

Sawa wazee wangu. Nina abiria wa Mikese saa 7. Nikirudi nitaandika ilivyokuwa, na usukani ulikuwa umekaa vipi.